Tuache Unafiki: Dada wa Sumukuvu Mlimcheka "He" na "She", Alichosema Mlikisikia?

Wadau, leo hakuna nani kaachana na nani. Leo nina povu langu mwenyewe, na litawagusa wengi, wakiwemo baadhi yenu mnaosoma hapa kila asubuhi kabla hata hamjapiga mswaki.

Ile klipu ya sekunde arobaini na kitu imepita kwenye kila grupu la WhatsApp nililomo, mpaka la kikoba cha shangazi. Mnaijua. Dada mmoja, mwanafunzi wa uzamivu, hapa hatumtaji jina na kwenye komenti msimtaje, yuko mbele ya watu kwenye ukumbi wenye kiyoyozi, projekta inawaka nyuma yake, anaelezea utafiti wake kwa Kiingereza. Anamwita mkulima mwanaume "she". Anajirekebisha, "he". Anarudi tena "she". Anameza mate. Anageukia slaidi, anaanza kuzisoma neno kwa neno kama mtoto anayeghani shairi siku ya kufunga shule. Aliyeshika simu huko nyuma anasikika akicheka. Klipu imekatwa hapo, ikapigiliwa muziki, ikaenda mjini.

Komenti sasa. "Huyu ndo PhD?" "Kodi zetu jamani." "Bora mwanangu wa chekechea, anamwaga ung'eng'e kuliko huyu." Mtangazaji mmoja wa vipindi vya asubuhi, yule anayevaa miwani ya jua ndani ya studio, akamuigiza hewani kwa lafudhi ya Kimarekani ambayo sidhani kama kuna jimbo lolote la Marekani linaidai. Watu wakacheka mpaka wakatoa machozi.

Nina swali moja tu. Dada alikuwa anasema nini?

Nimeuliza kwenye magrupu matatu. Kimya. Mmoja akaniambia "si mambo ya kilimo sijui". Haya, niwasaidie, maana slaidi zilikuwa zinaonekana kwa mwenye kutaka kusoma. Alikuwa anaongelea sumukuvu. Ile sumu inayotengenezwa na kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga zikikaushwa vibaya au zikihifadhiwa na unyevu. Kupika kwa kawaida hakuiondoi. Ukiila nyingi kwa mpigo inaharibu ini na kuua haraka, ukiila kidogo kidogo kwa miaka inakuandalia saratani ya ini. Mwaka 2016 watu waliugua na wengine wakafa kwa sababu yake Dodoma na Manyara, kwa kula mahindi, ugali ule ule tunaokula wote. Na yule "she" wenu mliyemcheka alikuwa mkulima anayeanika mahindi juu ya turubai badala ya kuyamwaga chini kwenye udongo. Yaani dada alikuwa katikati ya kutwambia kitu kinachoweza kumwokoa bibi yako kijijini, na sisi tukawa bize na kiwakilishi.

Kiwakilishi chenyewe tukiongelee kidogo. Kiswahili hakina "he" na "she". Tuna "yeye", tuna ile "a" ya "anakula", mwanaume analo, mwanamke analo, hata mbuzi analo. Mtu aliyekulia kwenye lugha hiyo anaweza kuongea Kiingereza miaka ishirini, akichoka au akiogopa inamponyoka. Haina uhusiano wowote na ukubwa wa akili. Mfaransa akijifunza Kiswahili anahangaika na ngeli zetu mpaka nywele zinanyonyoka, na sisi tunamwona mtamu, tunampigia makofi akisema "viti yangu". Sisi wenyewe kwa wenyewe ndiyo hatusameheani.

Kabla hamjanijia juu: sisemi Kiingereza cha dada kilikuwa sawa. Hakikuwa sawa. Ukiamua kuandika tasnifu yako kwa Kiingereza, mtahini wako mmoja anaweza kuwa yuko nchi nyingine kabisa, hajui Kiswahili, na majarida makubwa ya fani yako hayakusubiri. Lazima uandike ueleweke na useme usikike. Ndiyo, najua TATAKI pale Mlimani watu wanaandika tasnifu za Kiswahili kwa Kiswahili na wanazitetea kwa Kiswahili, na wako vizuri tu. Lakini mtu wa kilimo, wa tiba, wa uhandisi, leo hii hana njia hiyo. Kiingereza anakihitaji. Swali ni alitakiwa akipatie wapi.

Mtoto wa shule ya msingi ya serikali anasoma kwa Kiswahili miaka yote ya msingi. Hesabu kwa Kiswahili, sayansi kwa Kiswahili, Kiingereza ni kipindi kama vipindi vingine, na mara nyingi mwalimu mwenyewe anakielezea kwa Kiswahili. Anaingia kidato cha kwanza, anapewa wiki chache za kuzoea, halafu ghafla kila kitu kimegeuka. Mtoto mwenye akili akikutwa na hali hiyo anafanya jambo moja la busara: anakariri. Anakariri notsi, anakariri majibu ya mitihani iliyopita, anafaulu. Kidato cha sita hivyo hivyo. Digrii ya kwanza anapewa kozi moja ya stadi za mawasiliano mwaka wa kwanza, darasa limejaa mpaka madirishani, na hapo ndipo habari ya kufundishwa kuandika inapoishia. Kukariri kunakufikisha mbali sana kwenye mfumo wetu. Kunakufikisha mpaka mlangoni mwa uzamivu, na pale kunakuacha, kwa sababu unachotakiwa kuandika hakijaandikwa na mtu yeyote. Hakuna notsi zake.

Na msidhani ni mambo ya juzi. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, ile ya Makweta, ilipendekeza sekondari zianze kuhamia Kiswahili. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Criper na Dodd, wakapima Kiingereza cha wanafunzi wetu kuanzia shuleni hadi chuo kikuu na kukuta wengi hawana kiwango cha kusomea kwa lugha hiyo. Pamoja na hayo ushauri wao ukawa Kiingereza kibaki, kiongezewe msaada tu. Kikabaki. Wewe uliyezaliwa 2001 unamcheka mtu kwa jambo lililoandikwa kwenye ripoti kabla mama yako hajavaa sare ya sekondari.

Sasa twende kwa wakubwa, maana huko ndiko kuna nyama.

Kuna profesa mmoja, simtaji, suti zake zinapigwa pasi mpaka unaweza kujiangalia. Mwanafunzi wake alimpelekea sura ya pili ya tasnifu. Ikakaa mezani kwake miezi minane. Ilivyorudi ilikuwa na maneno mawili kwa kalamu nyekundu kwenye ukurasa wa kwanza: "Poor English". Basi. Miezi minane, maneno mawili. Ukigawanya ni neno moja kila miezi minne. Mwanafunzi afanye nini na hilo? Mbovu wapi? Sentensi ni ndefu? Hoja haishikamani? Amekosea wakati wa kitenzi, au ameandika aya nzima ambayo haina kazi pale? Ni kama kwenda hospitali ukaandikiwa "mgonjwa" halafu ukaruhusiwa.

Supavaiza akichukua ukurasa mmoja tu, ukurasa mmoja kati ya arobaini, akakaa na mwanafunzi saa moja, wakaupitia mstari kwa mstari, huyu akauliza "hapa ulikuwa unataka kusema nini?", yule akajibu, wakaandika upya pamoja, mwanafunzi ataondoka na vitu ambavyo hizo kurasa thelathini na tisa zilizobaki atajirekebishia mwenyewe. Wapo wanaofanya hivyo, nawaheshimu, na wanafunzi wao mnawajua kwa kuwasikiliza. Lakini wengi wanaona hiyo kazi ni ya "mwalimu wa lugha". Mwalimu gani huyo? Yuko ofisi namba ngapi?

Mwanafunzi akikosa jibu hapo, anakwenda kwenye kibanda. Unajua vibanda vya kuchapa karibu na vyuo, vyenye bango "tunaandaa andiko la utafiti, tunachambua data, tunaandika ripoti". Wanaanza kwa kukunyooshea Kiingereza. Wanamaliza kwa kukuandikia sura ya nne.

Na hapa ndipo unafiki wetu unaponikera kuliko yote. Kuna mkubwa mmoja mjini, cheo chake kirefu kuliko shingo ya twiga. Chawa wake hawawezi kumaliza sentensi bila kusema "Dokta" mara tatu. Mwombe akueleze dakika mbili tu utafiti wake ulihusu nini, kwa lugha yoyote aitakayo, hata ya kwao. Atakwambia yuko bize, atacheka, atakugonga begani, utaletewa soda. Hamna klipu yake akibabaika, na haitakuja kuwepo, kwa sababu hajawahi kusimama mbele ya watu na kazi yake. Yule dada mnayemcheka alibabaika kwa sababu kazi ilikuwa ya kwake. Mahindi alipima mwenyewe, sentensi alitunga mwenyewe, zikiwa mbovu ni mbovu za kwake. Mnampigia saluti aliyenunua, mnamzomea aliyefanya. Halafu mnashangaa kwa nini vibanda havikosi wateja?

Mtu akijua akikosea "he" na "she" atageuzwa kichekesho cha taifa, unategemea atathubutu kuongea Kiingereza chake mwenyewe? Atalipa. Aibu tunayoisambaza bure mitandaoni ndiyo mtaji wa hao jamaa.

Sasa panda basi mpaka Nairobi kidogo. Huko kuna vijana, wengine digrii wamezimaliza zamani na ajira hakuna, wanaoishi kwa kuandika kazi za chuo za watu wengine. Wateja wao ni nani? Wanafunzi wa Uingereza na Marekani. Wazungu kabisa waliozaliwa na Kiingereza mdomoni. Biashara imekuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2024 imetengenezewa filamu, The Shadow Scholars, na Uingereza mwaka 2022 walitunga sheria ya kuyapiga marufuku makampuni yanayouza hizo insha. Sisifii hiyo kazi, ni wizi wa pande mbili. Lakini nitolee hesabu: kama mwenye lugha analipa Mkenya amwandikie, basi kuzaliwa na Kiingereza na kuweza kuandika Kiingereza cha kitaaluma ni vitu viwili tofauti. Wafaransa wawili, Bourdieu na Passeron, walishalisema zamani kuhusu lugha ya chuo kikuu kwamba si lugha ya mama ya mtu yeyote, hata watoto wa tabaka la wasomi. Ndiyo maana vyuo vya Marekani vina vituo vya uandishi, na wenyeji wa lugha wanapanga foleni humo kukaa na mtu awasomee rasimu zao. Kwao kwenda kule ni kawaida tu. Kwetu ukisema unataka kusaidiwa kuandika, unaambiwa ulifikaje uzamivu.

Tukirudi Bongo, kuna kundi la tatu, hawa wa mitandaoni. "Ongea kama Mmarekani ndani ya siku 30." Kochi mmoja ana wafuasi wengi kuliko wilaya zingine, anawauzia watu wazima, wengine wanafunzi wa uzamivu kabisa, kozi ya kukunja ulimi. Wiki nzima mnafundishwa kutamka "water". Tasnifu nyingi za mfumo wa Kiingereza zinafika maneno 80,000, wewe umelipa hela ufundishwe neno moja, tena la kunywa!

Lafudhi haijawahi kumkatia mtu PhD. Joseph Conrad alikuwa Mpolandi, Kiingereza alikianza akiwa na miaka ishirini na kitu akiwa baharia, akaja kuwa mmoja wa waandishi wakubwa wa riwaya kwa lugha hiyo, na mpaka anakufa lafudhi yake ilikuwa nzito hadi wageni wake wanashindwa kumfuata. Karibu na sisi, Abdulrazak Gurnah kazaliwa Zanzibar, kaenda Uingereza kijana mdogo, kapata uzamivu wake Chuo Kikuu cha Kent mwaka 1982, kafundisha hapo hapo miaka mingi, mwaka 2021 kachukua Nobel ya Fasihi. Hiyo haikuwa kozi ya siku 30. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1987. Fanyeni hesabu ya miaka ya kusoma na kuandika iliyopita hapo katikati.

Hata mtihani wa IELTS, ambao watu wanaufunga na kuuombea, uandishi wake mrefu kabisa unaanzia maneno 250. Ukifaulu umeonyesha unaweza kuandika ukurasa mmoja. Vizuri, hongera. Lakini usije ukadhani cheti kile kitakuandikia sura ya majadiliano.

Haya, wewe uliyeko kwenye uzamivu na umefika mpaka hapa ukiwa umejificha. Nimekaa na watu waliotoboa, na hakuna aliyeniambia habari za kukunja ulimi.

Wanaanza kwa Kiswahili. Kabla ya sentensi ya kwanza ya Kiingereza, mweleze dereva wa bodaboda wako utafiti wako. Kuna mtaalamu, John Swales, mwaka 1990 alichambua utangulizi wa makala za kitaaluma akaona karibu zote zinapita hatua tatu: unaonyesha uwanja, unaonyesha pengo lililopo kwenye huo uwanja, unaonyesha wewe unaliziba vipi. Kwa dada yetu ingekuwa hivi: tunajua sumukuvu iko kwenye mahindi, hatujui vizuri mkulima anaamuaje kwamba mahindi yake yamekauka, mimi nilienda kukaa nao nikaangalia. Sentensi tatu. Bodaboda kaelewa. Sasa hizo tatu zipeleke kwenye Kiingereza, fupi fupi hivyo hivyo. Ukishindwa kuzisema kwa Kiswahili, tatizo lako wala siyo Kiingereza, na hakuna kibanda kitakachokusaidia.

Halafu acheni mbwembwe. Kuna ugonjwa wetu wa kudhani neno refu ndilo la kisomi. Mtu anaacha "use" anaandika "utilize", sentensi inaanza Kibaha inaishia Chalinze, ukifika mwisho umesahau nani alifanya nini. Na tuna ugonjwa mwingine, wa kuhubiri. Umehoji wakulima 60 wa kata moja halafu unaandika matokeo yako "prove". Mtahini akiona hilo neno anashika kalamu. Andika "suggest", maana ndicho data yako inachoweza kubeba. Hilo nalo watu wanaliita Kiingereza kibovu, kumbe ni kujua ushahidi wako una nguvu kiasi gani, na hilo ndilo hasa linalopimwa kwenye uzamivu.

Makosa madogo kila mtu ana yake, na mara nyingi hayazidi matano au sita yanayojirudia. Wetu wengi ni "a" na "the", kwa sababu Kiswahili hakina, na zile "researches", "informations", "equipments" zetu. Yaandike yako kwenye karatasi, bandika ukutani, kabla hujatuma rasimu yoyote yatafute moja moja. Kama hujui watu wa fani wanaanzaje sentensi ya kupingana na mtafiti mwingine bila kumtukana, Chuo Kikuu cha Manchester kina mkusanyiko wa misemo ya kitaaluma ulioandaliwa na John Morley, uko bure mtandaoni. Bure, halafu watu wanalipia "water".

Na undeni vikoba. Shangazi zetu wanajua kuweka na kukopeshana kila wiki bila benki. Ninyi mnashindwa nini? Watu wanne, Jumamosi asubuhi, kila mmoja kurasa mbili, mnabadilishana, unamwonyesha mwenzio ulipopotea. Anayechelewa faini. Nawajua wadada watano walioanza hivyo kwenye veranda ya mmoja wao, wakala mihogo na kachumbari huku wanachinjana sentensi. Watatu wameshatetea.

Mtaniambia siku hizi kuna akili mnemba, ya nini mateso. Itumie kukagua, sina neno. Ila ukiipa iandike, umerudi kwenye kibanda kile kile, hiki kinatumia bando tu. Na kuna mtego mwingine ambao unatuhusu sisi zaidi. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walizipima programu zinazodai kugundua maandishi ya mashine kwa kuzipa insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao, zilizoandikwa kwa ajili ya mtihani wa TOEFL. Zaidi ya nusu zikaambiwa zimeandikwa na mashine. Mwaka uliofuata mwekezaji mmoja mkubwa wa teknolojia akaandika kwenye X kwamba aliona neno "delve" kwenye barua pepe akaishtukia kwamba ni ya mashine. Wanigeria wakamshukia kama mvua ya masika, maana wao neno hilo wamelisoma shuleni na wanalitumia tangu zamani. Kwa hiyo hifadhi rasimu zako zote, zile mbovu hasa, zikiwa na tarehe. Siku mtu akikunyooshea kidole, zile rasimu mbovu ndiyo utetezi wako.

Kuongea nako ni hivyo hivyo, unajifunza kwa kuongea. Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, mwaka 2008 kilianzisha mashindano ya mwanafunzi wa uzamivu kueleza tasnifu yake nzima kwa dakika tatu na slaidi moja tu. Huhitaji mashindano. Weka simu mezani, jirekodi dakika tatu, sikiliza, chukia, rudia. Slaidi ziwe na picha na namba, zisiwe na sentensi, kwa sababu sentensi ikiwepo utaisoma, hata ukiapa. Kama "he" na "she" zinakuponyoka, sema "the farmer", sema "they", hakuna sheria inayokulazimisha kupita kwenye shimo unalolijua. Ukiulizwa swali usikurupuke. Lirudie kwa maneno yako, "kama nimekuelewa, unauliza hivi", kwa hicho hicho Kiingereza chako. Umepata sekunde kumi za kufikiri, na nusu ya maswali utakuta ulikuwa umeyaelewa vibaya. Na supavaiza akikukatalia kuzungumza kwenye semina za idara mpaka uwe tayari, mng'ang'anie. Utakuwaje tayari bila kuzungumza?

Yule mtangazaji wa miwani, mwaliko wako huu: dakika tatu za kipindi chako, tueleze sumukuvu inaingiaje kwenye mahindi. Kwa Kiswahili. Sitakuwekea muziki.

Na wewe wa uzamivu, komenti ziko wazi hapo chini. Jina usiweke. Weka zile sentensi tatu tu: uwanja, pengo, na wewe unafanya nini. Kwa Kiswahili kwanza, Kiingereza kifuate. Wadau watakaozielewa waseme wamezielewa, wasiozielewa waseme wamepotelea wapi. Atakayekuja kuandika "huyu ndo PhD?" namfuta, na sitoi taarifa.